Maneno 640 daftarini, mdomoni hayatoki

Barua ya msomaji

Assalamu alaykum Maalim,

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Wete, Pemba. Nilimaliza kidato cha sita, nafasi ya chuo kikuu sikuipata, nikaja Unguja kwa dada yangu. Huu ni mwaka wa pili natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Kazi naipenda. Nachuma jani la mdalasini, nalifikicha, nawapa wageni wanuse na kubahatisha ni kitu gani, na wakikosea tunacheka pamoja. Kiingereza changu cha skuli kilikuwa kinanitosha kwa hayo.

Shida ilianza nilipotaka kupanda cheo. Wenzangu wawili wanazungumza Kiingereza kikubwa, na makundi mazuri hupewa wao. Nikaona na mimi nijifunze maneno makubwa. Nikazipata kwenye simu orodha za maneno ya juu ya Kiingereza, nikanunua kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Kila usiku baada ya sala ya Isha naandika maneno 20, siku nyengine nikichoka naruka. Mpaka leo yamefika 640. Maalim, nikilifunga daftari sikumbuki hata 30.

Lakini kusahau si kitu mbele ya yaliyonikuta. Mwezi uliopita nilikuwa na wageni sita. Matembezi yetu huishia kwenye kibanda cha mama anayetupikia. Sote pale shambani tunamwita Bi Mkubwa, na pilau lake sijaona mtu aliyeliacha sahanini. Nikataka kumsifu mbele ya wageni. Nikakumbuka neno nililoliandika usiku wa kuamkia siku ile, "notorious", na upande wa kulia nimeandika "mashuhuri". Nikasema kwa sauti kwamba huyu ndiye mpishi "notorious" kuliko wote Zanzibar. Wakanyamaza. Mama mmoja wa kizungu akaiweka sahani yake chini taratibu, akaniuliza huyu mpishi kafanya nini. Mimi nikafahamu anauliza anapika nini, nikamjibu mambo mengi, kwa miaka mingi. Wakacheka mpaka wengine wakatoka nje.

Dereva wetu ndiye aliyenieleza njiani kuwa nimempa yule mama sifa mbaya. Na maneno hayana miguu lakini yanafika: Bi Mkubwa akasikia. Tangu siku ile ananipakulia chakula kama kawaida, ila haniulizi tena habari za nyumbani, na zamani hakuwa akinipa sahani bila kuniuliza mama hajambo.

Wiki mbili baadaye nikaomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kaskazini. Barua nikaijaza maneno ya daftari. Kwenye usaili, yule bwana akaweka kidole juu ya neno "plethora", pale nilipoandika kuwa nina "plethora" ya uzoefu, akaniuliza maana yake. Ukurasa nilioliandika nauona, hata wino ninaukumbuka ulikuwa wa kijani, lakini maana imepotea. Nikanyamaza. Akaikunja barua, akasema watanipigia. Hawajanipigia.

Kaka yangu anasema kichwa kikishatoka skuli hakishiki tena. Kuna kozi hapa mjini ya miezi mitatu inayoahidi maneno 3,000 kwa shilingi 180,000, na mimi kipato changu ni wageni wakiwepo. Nijiunge? Au niyaache maneno makubwa nibaki na Kiingereza changu? Na Bi Mkubwa nimwendee kwa mlango gani? Mdogo wangu yuko kidato cha tatu Wete, kila Ijumaa ananipigia nimtajie maneno mapya, na sasa naona haya hata kupokea simu yake.

Mtembeza wageni, Kizimbani

Jibu la Maalim

Waalaykumu salaam mwanangu,

Nianze na Bi Mkubwa, maana hilo halifai kulazwa. Mwendee asubuhi kabla wageni hawajafika, anapochagua mchele, ukae naye mkeka mmoja umsaidie. Mwambie kwa Kiswahili kile ulichokusudia kukisema siku ile: kwamba pilau lake linasifiwa na kila anayelila, na ulitaka wageni walijue hilo kabla hawajaonja. Kisha mwambie wazi kuwa ulichukua neno usilolijua vizuri, likageuka mdomoni. Dereva usimtaje. Mama aliyekuwa akikuuliza hali ya mama yako kila siku ana nafasi ya kukusamehe, anachongoja ni kukuona umekuja mwenyewe.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Notorious" ni mtu anayejulikana, hapo daftari lako halikusema uongo, lakini anajulikana kwa ubaya. Kiswahili kinalo neno lake na wewe unalijua tangu udogo: aliyekubuhu. Tunasema mwizi aliyekubuhu, mlevi aliyekubuhu, mwongo aliyekubuhu. Hujapata kusikia mpishi aliyekubuhu wala bibi harusi aliyekubuhu, na hakuna mtu aliyekukalisha chini kukukataza. Ulilisikia neno hilo mara nyingi likitembea na wezi na waongo, ukajua watu wake ni akina nani.

Ule mstari wa katikati ya daftari ndio uliokuponza. Unafanya kila neno la Kiingereza lionekane lina pacha wake mmoja wa Kiswahili, wamekaa wakitazamana. Chukua neno letu "kali" uone. Sisi tuna chai kali, kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, jua kali. Mwingereza chai yake ni "strong", kisu ni "sharp", mbwa ni "fierce", mwalimu ni "strict", na jua analitafutia jengine kabisa. Mgeni akiandika daftarini mwake kwamba kali ni "sharp" basi, siku moja ataomba aletewe chai iliyonolewa. Kila lugha ina jinsi yake ya kuyaoza maneno, na ndoa hizo hazionekani kwenye safu mbili za daftari.

Kwa Bi Mkubwa neno "famous" lingetosha, nawe unalijua tangu skuli. Kama ulitaka la juu zaidi, lipo "renowned", ambalo ni la sifa njema, mtu anayejulikana kwa ustadi wake. Siku hizi kamusi za wanafunzi, za Oxford na za Cambridge, zinafunguka bure kwenye simu. Ukiangalia neno huko usikimbilie maana tu. Soma sentensi zilizo chini yake, na uangalie kama pembeni wameweka alama ya "disapproving". Hiyo inakuambia neno lina lawama ndani yake, na kwa kazi yako ya kuwasifia wageni vitu na watu, ni alama yenye thamani kubwa.

Kaka yako ana hishima yake, lakini hapa amekosea. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, naye alikuwa mtu mzima aliyekwishamaliza masomo. Alihifadhi silabi zisizo na maana yoyote, kisha akajipima baada ya saa, baada ya siku, baada ya wiki. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya siku ya kwanza, halafu kusahau kunapunguza kasi. Aliona pia kwamba kurudia kwa kuachia nafasi, leo kidogo na kesho kutwa kidogo, kunashikisha kuliko kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Wewe umekuwa ukiandika 20 leo, kesho 20 mengine juu yake, ya jana huyarudii. Na neno lisilo na sentensi, lisilo na mtu wala harufu, kwa kichwa halina tofauti kubwa na zile silabi za Ebbinghaus. Kichwa chako ni kizima.

Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, miaka ya 1970 alieleza njia ya kurudia ambayo gharama yake ni boksi la viatu. Ligawe vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya majani ya chai. Kadi mpya zote zinaanza chumba cha kwanza, nacho unakipitia kila siku. Ukilipata neno, kadi inahamia chumba cha pili, ambacho unakifungua kila baada ya siku mbili tatu. Ukilipata tena inasogea cha tatu, cha kila wiki, na kuendelea mpaka cha tano unachokigusa kwa mwezi mara moja. Ukikosa, hata kama kadi imefika chumba cha nne, inarudi cha kwanza. Maneno yaliyokushinda unakutana nayo kila siku, uliyoyashika hayakupotezei muda. Kadi za chumba cha kwanza unaweza kuzitia kwenye mkoba ukazipitia ndani ya daladala, kutoka shamba mpaka Darajani.

Lakini upande wa mbele wa kadi usiandike neno peke yake. Andika sentensi ya kazi yako ukiacha pengo, neno lenyewe liwe nyuma. Na maneno mapya yasizidi saba kwa wiki. Najua saba yanaonekana machache kwa mtu aliyezoea 20 kwa usiku. Saba ya kila wiki kwa mwaka ni zaidi ya 350, na hayo utakuwa unayasema.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, nalo ni koo za maneno. Watoto wengi wa Wete wanapitia chuo cha Kurani kabla ya skuli, na nadhani nawe ulipitia. Kitabu, katibu, maktaba: umezikuta herufi zile zile tatu za Kiarabu, kaf, te na be, na kila zilipo pana kuandika. Hukumu, hakimu, mahakama: ukoo mwengine. Mtu wa kwetu ana sikio la mizizi hata kama hajawahi kuliita hivyo. Sikio hilo hilo linafanya kazi kwenye Kiingereza, ila huko maneno mengi makubwa mizizi yake imetoka Kilatini na Kigiriki.

Kesho ukiwa shambani chukua karafuu kavu, ivunje kwa kucha, ilete puani. Kabla utamu wake haujafika, kuna mchomo unaopanda mpaka kwenye kona za macho. Mchomo huo ndio "pungent". Limetoka kwenye kitendo cha Kilatini "pungere", kuchoma kwa ncha. Mzizi huo huo ndio uliozaa "puncture", nayo ni ile ile pancha unayomsikia fundi baiskeli akiitaja, msumari umechoma mpira. Umezaa "punctual", mtu anayefika penye ncha yenyewe ya saa, hapitilizi. Na umezaa "compunction", mchomo wa moyo, yale majuto yanayokudunga kila Bi Mkubwa anapokupa sahani bila kukuuliza mama hajambo. Hili la mwisho ni neno la juu kweli kweli, wengi wanalipitia katika maandishi bila kulifahamu, nawe sidhani kama utalisahau, kwa sababu limekuuma.

Mkononi mwako bado unayo ile karafuu. Itazame: kichwa cha duara na mwili mwembamba ulioteremka. Kiingereza kinaiita "clove", na jina hilo limetoka kwenye neno la Kifaransa "clou", msumari. Waliipa jina la umbo lake. Sisi karafuu tumeipata kwa Waarabu, "qaranful". Ukifika kwenye mkwaju, waulize wageni wako "tamarind" ni nini. Ni Kiarabu kilichovaa nguo za Kiingereza: "tamr hindi", tende ya Bara Hindi. Wageni wanapenda sana kuambiwa kwamba neno la lugha yao limepitia pwani za watu wengine, na hilo wenzako wenye Kiingereza kikubwa huenda hawajalifikiria.

Ila mzizi nao una mipaka yake, na ushahidi ni lile lile lililokuumbua. "Notorious" limetoka kwenye "notus" ya Kilatini, maana yake kilichojulikana, ukoo mmoja na "notice". Mzizi ungekuambia "anajulikana" ukanyamaza hapo, usikuambie kwamba watu wamelisukuma neno hilo upande wa ubaya. Kwa hiyo mzizi utumie kulikumbuka neno, na kulitumia ujifunze kwenye sentensi za wenyewe.

Jozi nyengine inayowatega watembeza wageni wengi ni "indigenous" na "endemic". Nimewasikia wakisema karafuu ni "indigenous" hapa Zanzibar, kwa maana kwamba ni yetu. Yetu ni kweli, na Pemba ndiyo inayotoa nyingi, lakini neno hilo linasema asili ya mti ni ardhi hii, nao mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Uliletwa huku mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Vanila nayo asili yake ni Mexico. "Endemic" inakwenda mbali zaidi: ni kiumbe kisichopatikana porini popote pengine. Popo wa Pemba, yule mkubwa unayemjua wewe, ni "endemic" kwa Pemba. Kima punju wa Jozani ni "endemic" kwa Zanzibar. Halafu neno hilo hilo likiwa mdomoni mwa daktari ni ugonjwa uliokaa mahali hauondoki, kama malaria katika nchi nyingi za Afrika. Neno moja, nyumba mbili. Usiyachanganye hayo mbele ya mgeni anayesoma mambo ya wanyama.

Nije kwenye barua ya kazi. Kiingereza kina tabaka mbili za maneno, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1066 Wanormandi walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa miaka mingi watawala walisema Kifaransa na watu wa kawaida wakasema Kiingereza chao. Yakabaki maneno mawili mawili kwa jambo moja: "begin" na "commence", "buy" na "purchase", "help" na "assist". La kwanza ni la nyumbani, la pili limepita ikulu. Nasi tunayo hayo. Tuna kufa, na tuna kufariki, lililotoka Kiarabu. Mzee wa mtaa amefariki, tunasema hivyo kwa adabu. Kuku akigongwa na gari, hakuna atakayesema amefariki. Kama barua yako ilijaa akina "commence" na "utilize", basi msomaji aliyezoea lugha yake aliisoma kama wewe ungesoma barua ya mtu anayekuarifu kuwa kuku wake amefariki dunia. Neno la juu lina mahali pake, na pale lisipotakiwa linamfanya msomaji akushuku.

Na "plethora" ni hivi. Ni neno la Kigiriki la kujaa, na madaktari wa zamani walilitumia kwa mtu mwenye damu nyingi kupita kiasi. Mpaka leo lina harufu ya wingi uliopitiliza. Wapo wanaolitumia kwa maana ya wingi tu na wanafahamika, lakini katika barua ya kuomba kazi linaweza kusomeka kwamba uzoefu wako umefurika mpaka umekuwa kero. Ungeandika tu kwamba umetembeza wageni mwaka mmoja na zaidi, na kwamba unawaeleza miti ya viungo kwa Kiingereza kila siku. Sentensi hiyo haina neno hata moja la daftari, na ina nguvu kuliko ile. Andika barua mpya hivyo. Na siku nyengine ukiulizwa neno likakukimbia, usinyamaze: sema kwa maneno yako madogo ulichokusudia. Anayesaili hoteli anataka kujua kama ukikwama mbele ya mgeni utapata njia ya kutoka.

Kozi ya maneno 3,000 usiilipie. Miezi mitatu ni siku 90, hayo ni maneno 33 kwa siku, ni lile daftari lako limeongezewa ada. Ingekuwa darasa la kuzungumza na mtu anayekusahihisha, ningekuambia ujinyime ulipe. Orodha unazo tayari kwenye simu.

Kama bado una nia ya chuo kikuu, na natumai unayo, iko orodha moja tu ya kuitafuta. Averil Coxhead wa New Zealand aliitoa mwaka 2000, ina koo 570 (hapa ukoo ni neno pamoja na maumbo yake) za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, akina "analyse", "evidence" na "significant". Hayo yatakusaidia vitabuni kuliko "plethora". Mtaalamu mwengine wa huko huko, Paul Nation, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada wa kamusi kunataka koo 8,000 hadi 9,000. Idadi hiyo usiiogope. Hakuna aliyeifikia kwa kuandika safu mbili, waliifikia kwa kusoma. Soma kila siku ukurasa mmoja wa jambo unalolijua tayari kwa Kiswahili: viungo, popo, matumbawe, mapishi. Ukilijua jambo, neno geni linajieleza lenyewe.

Na una walimu ambao mwanafunzi wa kozi hana. Ukimpa mgeni manjano mabichi anuse, muulize harufu hii kwa lugha yake wanaiitaje. Mmoja atakuambia "earthy", harufu ya udongo. Kungumanga mwengine ataiita "warm", nawe utashangaa harufu inakuwaje na joto, umuulize, akueleze. Liandike pale pale pamoja na sentensi yake na alivyokunja uso. Maneno ya namna hiyo utarudi nayo kila siku yenye wageni, uchague humo saba yako ya wiki, na kila moja lina mtu wake wa kulikumbushia.

Daftari usilitupe. Kaa nalo jioni moja, utie alama kwenye maneno 40 ambayo ungeweza kuyasema shambani au mapokezini, uyahamishie kwenye kadi kidogo kidogo. Mengine yaache yalale humo. Na simu ya mdogo wako ipokee Ijumaa hii. Mhadithie kisa cha "notorious" chote, bila kuficha, na umpe "pungent" na ndugu zake watatu. Akiweza kukueleza pancha inaingiaje hapo, nyote wawili mtakuwa mmefahamu.

Kadi ya kwanza kabisa iwe ya "renowned", na sentensi yake iwe ya Bi Mkubwa. Nenda nayo hiyo asubuhi ya kuchagua mchele, umsomee kwa Kiingereza, kisha umfasirie. Akikuuliza mama hajambo, nami nisalimie watu wa Wete.